Kwa Nini Atieno Hapandi Roketi?

Jumamosi moja alasiri nilialikwa Nyalenda, upande wa kusini wa mji wa Kisumu, kusikiliza insha za wanafunzi wa shule za upili ambao hukutana katika ukumbi mdogo wa mabati kusoma na kuandika Kiswahili. Mwalimu wao alikuwa amewapa kazi ya kubuni safari ya kwenda mahali ambapo binadamu hajapata kufika. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akasimama kusoma. Chombo chake kilikuwa kimeundwa kwa siri ndani ya mafunjo ya Dunga. Kikang'oa nanga usiku wenye radi, kikapaa juu ya ziwa hadi taa za wavuvi wa omena zikawa kama nyota zilizomwagika majini. Nilikuwa nimeshika kalamu ili nisahihishe sarufi, nikasahau kusahihisha. Ndipo nahodha akafungua kinywa, na jina lake likawa Kapteni Smith. Msaidizi wake akawa Linda. Fundi wa mitambo akawa Jack.

Alipomaliza nilimpongeza, kisha nikamwuliza kwa nini katika chombo kilichoundwa Dunga hamkuwa na hata mtu mmoja wa Dunga. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji huteremka. "Mwalimu," akanijibu kwa heshima, "mtu wa huko juu hawezi kuitwa Atieno." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na nakiri kwamba nami nilicheka. Jina la msichana huyo sitalitaja. Nitasema tu kwamba alizaliwa usiku, na Wajaluo wanaosoma safu hii wanajua msichana aliyezaliwa usiku huitwaje.

Kicheko hicho kimenisumbua tangu siku ile, hasa kile changu mwenyewe. Mtu ambaye kazi yake ni kuchunguza maneno angepaswa kujiuliza mapema ni kitu gani kinachoyafanya maneno mawili, Atieno na roketi, yakikutana katika sentensi moja yachekeshe. Jack na roketi hayachekeshi. Smith na sayari hayachekeshi. Yamezoeana, kama ugali na samaki.

Wapo walimu wenzangu watakaoniambia kwamba huu ni ugomvi wa watu wengine. Ni kweli kwamba huko Marekani na Uingereza wasomaji wa riwaya za kisayansi na za kinjozi wamebishana kwa miaka mingi: imekuwaje vitabu vinavyosimulia sayari elfu na viumbe wa kila umbo vikawa na binadamu wa rangi moja tu? Mwandishi aweza kubuni joka linalosema na mlango unaofunguka katika wakati mwingine, lakini nahodha Mwafrika akamshinda kumbuni. Mabishano hayo yamezaa matunda. Octavia Butler, Mmarekani Mweusi, alichapisha Kindred mwaka 1979, akamtoa mwanamke Mweusi wa California wa mwaka 1976 na kumtupa katika utumwa wa Maryland wa karne ya kumi na tisa. N. K. Jemisin alishinda tuzo ya Hugo ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, jambo ambalo hakuna aliyelitimiza kabla yake. Nnedi Okorafor, mwenye asili ya Nigeria, katika Binti ya mwaka 2015 amempeleka msichana Mhimba wa Namibia katika chuo kikuu cha sayari nyingine, naye anakwenda akiwa amejipaka udongo mwekundu wa kwao. Mwanafunzi wangu wa Nyalenda angeisoma hadithi hiyo, huenda asingenijibu alivyonijibu.

Lakini nisingependa tuupokee mjadala huu kama tunavyopokea mitumba, tuuvae vivyo hivyo ulivyofika. Huko ng'ambo hoja aghalabu huwa ni hesabu: katika kitabu hiki Waafrika ni wangapi, Waasia ni wangapi. Hesabu ina faida yake, ila haitufikishi mbali. Chukueni Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson iliyochapishwa mwaka 1929 kutoka kitabu cha Rider Haggard cha mwaka 1885. Kizazi cha babu zetu waliopata bahati ya kusoma walikipenda sana, na lugha yake ilisifiwa mashuleni. Ukihesabu vichwa, kitabu hicho kina Waafrika wengi kuliko Wazungu. Wazungu ni watatu. Waafrika ni taifa zima, lina jeshi, lina mfalme dhalimu na mfalme halali, lina mganga kizee wa kutisha. Kwa hesabu tupu, hii ni riwaya ya rangi nyingi kupita kiasi! Hata hivyo macho tunayotazamia ni ya Mzungu tangu mwanzo hadi mwisho. Na Foulata, msichana Mweusi anayempenda mmoja wa wale wageni, anakufa ndani ya pango kabla mapenzi hayo hayajawaletea wakubwa matatizo, na msimulizi haoni haya kuona kwamba mambo yameishia pazuri. Msomaji wa Tanga au wa Maseno aliyasoma hayo kwa Kiswahili safi, kwa lugha yake mwenyewe, akamfuata Mzungu hadi nyumbani, akamwacha Foulata pangoni.

Kwa hiyo mimi naona swali la kuuliza kitabu cha njozi ni hili: nani amepewa jina, nani amepewa lugha, na nani amepewa moyo unaoweza kusomwa kutoka ndani? Rangi katika riwaya haionekani kwa macho. Karatasi ni nyeupe na wino ni mweusi kwa wahusika wote. Rangi hujengwa kwa maneno, na mara nyingi kwa maneno yasiyosemwa. Katika riwaya nyingi za Kiingereza, mhusika asiyetajiwa rangi huchukuliwa kuwa Mzungu. Akiingia Mweusi, ngozi yake hutangazwa mlangoni kama mzigo wa forodha. Ursula Le Guin alilijua jambo hili na akalitumia. Katika A Wizard of Earthsea, mwaka 1968, alimfanya mchawi wake kijana, Ged, kuwa na ngozi ya hudhurungi inayoelekea wekundu, na wakazi wengi wa visiwa vyake kuwa wa rangi za hudhurungi na nyeusi, ilhali weupe ni washambuliaji kutoka pembezoni. Lakini hakupiga mbiu. Alilidondosha jambo hilo polepole, msomaji akiwa amekwisha kumpenda kijana. Televisheni ya Marekani ilipoigiza kisa hicho mwaka 2004, Ged akageuka kuwa Mzungu, na Le Guin, aliyekuwa angali hai, akalalamika hadharani.

Sisi nasi tuna kioja chetu kinachofanana na hicho, ila kinakwenda kinyume. Mwaka 1940 kilichapishwa London kitabu kiitwacho Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Conan-Davies ya kisa maarufu cha Lewis Carroll. Katika picha zake, yule msichana wa Kiingereza mwenye nywele ndefu za kimanjano amekuwa mtoto wa Kiafrika. Sungura ni yule yule, shimo ni lile lile, lakini anayetumbukia ni binti yetu. Sijui kama waliofanya hivyo walikuwa na nia kubwa kuliko kuuza vitabu mashuleni. Ninachojua ni kwamba mtoto wa Kiafrika aliweza kuwa Elisi miaka 23 kabla Kenya haijapata uhuru, na mwaka huu katika ukumbi wa mabati Nyalenda nimeambiwa kwamba hawezi kuwa nahodha.

Mnaopenda sinema mtanisamehe nikigusia mambo mawili ya huko, kwa kuwa yanahusu lugha zetu moja kwa moja. La kwanza, Star Trek, tamthilia ya televisheni iliyoanza Marekani mwaka 1966, ilikuwa na afisa wa mawasiliano Mwafrika aliyeigizwa na marehemu Nichelle Nichols. Jina lake ni Uhura. Ndiyo, limetokana na neno letu uhuru, irabu ya mwisho ikabadilishwa ili lisikike kama la mwanamke katika masikio ya Wamarekani. Kwa Kiswahili "uhura" halina maana yoyote. Lakini mwanamke huyo alikaa katika daraja la chombo, si jikoni, na kazi yake ilikuwa lugha. Kama mwanaisimu sina budi kumwonea fahari.

La pili ni chungu zaidi. Katika Return of the Jedi, filamu ya mwaka 1983, mna rubani msaidizi aitwaye Nien Nunb: kiumbe mwenye masikio mapana, macho meusi na mashavu yanayoning'inia. Husema lugha ya ajabu ambayo wenzake wanaielewa lakini mtazamaji wa Marekani haielewi. Sisi wengine tunaielewa. Sauti yake ilitolewa na Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani wakati huo, naye alisema Kikalenjin na Kikuyu cha kawaida kabisa, maneno yenye maana inayolingana na mazungumzo. Aliyeketi kando ya kiumbe huyo ni rubani Mmarekani Mweusi. Tazameni basi chombo hicho vizuri: kina Mweusi, kina lugha mbili za Kenya, na hakina Mkenya. Lugha zetu zilikuwa zimefika angani zamani. Wasemaji wake ndio waliobaki chini. Zilionekana ngeni vya kutosha kuwafaa viumbe wasio binadamu.

Baadaye mambo yalibadilika. Februari 2018 filamu ya Black Panther ilizinduliwa hapa hapa Kisumu, kwa sababu mmoja wa waigizaji wake wakuu, Lupita Nyong'o, ni binti wa ukoo wa huku na babake alikuwa gavana wa kaunti. Watu walikwenda wamevalia kama harusini. Hata hapo, Wakanda, nchi iliyobuniwa na Wamarekani, ilisema Kixhosa cha Afrika Kusini, lugha nzuri yenye heshima zake, lakini isiyosemwa katika ukumbi ule. Silalamiki sana. Mgeni akikupikia, huchagui mboga.

Nalalamika zaidi juu ya jiko letu wenyewe. Fasihi ya Kiswahili haikosi nchi za kubuni. Ningethubutu kusema ni miongoni mwa mazao yake bora. Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea hewani, na baadaye Kufikirika. Tamthilia na riwaya ambazo wanafunzi wetu wamezitahini zimejaa dola ambazo ramani haizijui: Cheneo ya Mstahiki Meya, Sagamoyo ya Kigogo, Wahafidhina ya Chozi la Heri. Sasa waangalieni raia wa nchi hizo. Karama, Majivuno, Buruhani, Fadhili, Ridhaa, Majoka, Tunu. Ni maneno ya Kiswahili, mengi yenye asili ya Kiarabu, yaliyopandishwa cheo yakawa majina. Hakuna Wafula. Hakuna Nyaboke, hakuna Chebet, hakuna Mutua, wala hakuna Patel, ingawa Wahindi wamekuwa Kisumu tangu reli ilipofika ziwani Desemba 1901 na mji huu haueleweki bila wao.

Najua sababu zake na naziheshimu. Shaaban aliandika chini ya serikali ya kikoloni. Fumbo lilikuwa ngao. Waliomfuata waliandika chini ya serikali ambazo nazo zilisoma vitabu kwa kalamu nyekundu. Zaidi ya hayo, katika nchi yetu jina la ukoo ni kama kitambulisho: ukimwita fisadi wa riwaya yako jina la kabila fulani, kabila zima litakushtaki. Jina kama Majivuno halina wakili. Aidha, usawa wa majina hayo una uzuri wake, kwani mtoto wa Voi na wa Siaya wote huingia Kusadikika wakiwa wageni sawa.

Lakini kila ngao ina uzito. Chozi la Heri inasimulia watu waliochomewa nyumba na kufukuzwa na majirani kwa sababu ya asili yao, katika fujo za baada ya uchaguzi. Makabila hayatajwi. Nimepata kuketi nyuma ya darasa kitabu hicho kikifundishwa, na nikaona jambo ambalo mwongozo wa mwalimu hauwezi kuliandika: kila mwanafunzi alikuwa amekwisha kuyajaza majina kichwani mwake. Alimweka Ridhaa katika kabila lake mwenyewe, akawaweka waliomchomea katika kabila la jirani. Hapa Kisumu, ambapo Januari 2008 majirani wengi walifunga virago na maduka yao yakateketea, orodha hiyo ya kichwani ni ndefu, na watoto waliozaliwa baadaye wameirithi bila kuambiwa. Mwandishi alinyamaza kwa wema. Msomaji akaujaza ukimya kwa alichokuwa nacho.

Wako watakaosema dawa ni rahisi: tunyunyize majina. Hilo tunalijua kutoka vitabu vya hesabu vya shule za msingi, ambamo Kamau ana machungwa matano, Otieno ana manane na Mutua ana matatu, na katika ukurasa unaofuata Halima anagawa maandazi ili na Pwani isilalamike. Ni ada njema, na serikali iliyoihimiza haikukosea. Lakini hakuna mtoto aliyewahi kumlilia Kamau wa machungwa. Majina hayo ni vibao vilivyotundikwa juu ya hesabu. Ukiyatundika vivyo hivyo katika roketi utakuwa umeunda tume ya uchunguzi, na riwaya bado hujaianza.

Kitabu kinachonipa moyo ni Walenisi cha marehemu Katama Mkangi, kilichotoka mwaka 1995. Wengi wetu tulikisoma kama kisa cha siasa, na ni kisa cha siasa kweli. Mkangi mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya themanini. Lakini kisomeni tena kama riwaya ya anga. Mtu anahukumiwa kufa, anatiwa katika chombo, chombo kinaruka, naye badala ya kuangamia anafika katika dunia nyingine ambako watu wanaishi kwa usawa. Dunia hiyo inaitwa Walenisi. Likate jina hilo vipande na utasikia: wale ni sisi. Sijakutana na jina la sayari lililobuniwa kwa akili kuliko hilo katika lugha yoyote ninayoisoma.

Na huyo aliyeruka anaitwa nani? Anaitwa Dzombo. Hapa naomba radhi kwa kuvaa joho langu la isimu. Sauti ile ya mwanzo, "dz", haimo katika Kiswahili sanifu. Ni sauti ya Kimijikenda. Mwalimu mkali wa matamshi angeisahihisha. Mkangi angeweza kumwita shujaa wake Jasiri au Stahamili, na hakuna ambaye angeshangaa, kwani ndiyo mila yetu. Badala yake alichukua jina la kwao, na sauti yake isiyo sanifu, akalipakia katika chombo cha angani, na kila mara jina hilo linapotajwa Kiswahili kinalazimika kuupinda ulimi kidogo ili kumpisha. Mhusika huyo hakuhitaji kuelezwa rangi wala kabila. Konsonanti moja ilitosha. Na kwa kuwa tunamfuata yeye, tunafikiri naye, tunaogopa naye, jina lake halibaki kibao.

Ndugu yake wa karibu ni wa majuzi, naye ameandikwa kwa Kiingereza: The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, iliyotoka mwaka 2021. Binti wa Kihadhrami, Aisha, anaingia baharini kumtafuta babake mvuvi, akiwa na paka anayesema. Wahadhrami wamekuwa Mombasa vizazi na vizazi, na bado wako wanaowauliza kwao ni wapi. Riwaya haijibu swali hilo. Inampa binti mashua na mazimwi ya baharini wa kupambana nao. Mwaka 2022 ilipata tuzo ya kwanza kabisa iliyoanzishwa kwa jina la Ursula Le Guin, yule yule wa Ged. Natamani ingekuwa ya Kiswahili, na natumaini mtafsiri fulani anaisoma safu hii.

Kiswahili kingefaa zaidi kwa kazi hiyo kuliko tunavyodhani. Wanafunzi wa sarufi wanajua kwamba mti huanguka kwa "u" na kisu huanguka kwa "ki", lakini kiboko, ingawa amevaa "ki" ile ile ya kisu, tunasema ameanguka. Chochote chenye uhai hupewa upatanisho wa watu. Kifaru amekuja. Nyoka amelala. Zimwi naye amekula wali wetu. Hata kiumbe wa nyota ya mbali mwenye macho saba na damu ya kijani, akiingia katika Kiswahili sanifu, sharti tuseme kiumbe huyu amesema. Kiingereza humruhusu mwandishi kumtaja kiumbe huyo kwa kiwakilishi kile kile anachotajia meza. Sisi sarufi yetu imekwisha kumkaribisha, imempa kigoda kando ya mtu.

Ila lugha hiyo hiyo ina mlango wa nyuma. Mtu akikukera unaweza kumvua "m" yake ukamvika nyingine: jitu lile limekuja, kijitu kile kinataka nini? Kwa viambishi viwili tu amekwisha kutolewa katika ngeli ya watu, tena bila kumtukana. Wanasiasa wetu wanaujua mlango huu. Waandishi wa njozi wanapita hapo kila siku wanapohitaji adui, na hakuna ubaya, mradi tukumbuke kwamba ni sisi tulioushika mlango. Ningependa walimu wawape wanafunzi zoezi moja: waandike ukurasa mmoja juu ya jitu kwa upatanisho wa "li", kisha waandike ukurasa ule ule kwa "a". Wataona kwamba katika ukurasa wa pili jitu linaanza kuwa na sababu zake. Yaani, anaanza kuwa na sababu zake.

Zoezi hilo ndilo nililowapa wale wa Nyalenda niliporudi Jumamosi iliyofuata. Nilitumia kisa wanachokijua wote, cha Lwanda Magere, shujaa wa Kijaluo mwenye mwili wa jiwe ambao mikuki haikuupenya. Maadui zake, ambao Wajaluo huwaita Lang'o, nasi leo tungesema Wanandi, walimpelekea mke. Siku moja akiwa mgonjwa alimwambia yule mke achanje kivuli badala ya mwili ili kutia dawa. Mke akaona damu ikitoka kivulini. Akatoroka usiku akawaambia watu wake. Katika vita vilivyofuata mkuki ulichoma kivuli, shujaa akafa akawa jiwe, na jiwe lenyewe huonyeshwa hadi leo katika nchi ya Kano. Nyuzi zote za riwaya ya kinjozi zimo humo. Na wahusika ni wa mataifa mawili.

Nilitaraji wachague shujaa au jiwe. Mvulana mmoja wa kidato cha pili, ambaye tangu wiki iliyotangulia sikuwa nimesikia sauti yake, akainua mkono. "Mwalimu, huyo mke anaitwa nani?"

Nikafungua kinywa kumjibu nikakuta sina jibu. Nimekisikia kisa hiki mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa Kijaluo na kwa lugha nyingine, na kila mara ni nyar Lang'o, binti wa Lang'o, basi. Shujaa ana jina, hata jiwe lina jina. Yeye ana kabila tu. Nikamwuliza mvulana kwa nini anataka kujua. Akasita, akatazama chini, kisha akasema kwamba mamake ametoka Nandi Hills, na kisa hiki kinaposomwa shuleni kuna wenzake wanaogeuka kumtazama.

Ukumbi ulinyamaza. Hakuna aliyecheka safari hii. Mwalimu wao alitaka kusema jambo, nikamwashiria angoje. Nikamwambia mvulana kwamba maadamu wazee hawakutuachia jina, yeye anaweza kumpa, na kisa chote akiandike akiwa amesimama pale alipokuwa mwanamke huyo, akiwa na wembe mkononi na damu inatoka katika kivuli cha mumewe, na nyumba mbili zinamngoja.

Aliandika kwa muda wa saa nzima. Alipoitwa asome alisema bado hajamaliza, hajui kama mwanamke atatoroka au atabaki, lakini jina amekwisha kulipata. Ni Chepkemoi.

"Maana yake nini?" akauliza yule msichana wa roketi kutoka upande wa pili wa ukumbi.

"Aliyezaliwa usiku," mvulana akajibu.

Msichana akamwangalia kwa muda. Kisha akavuta daftari lake, akafungua ukurasa ule wenye mafunjo ya Dunga, akaomba kalamu.